Mikarafuu msiuze kwanza: tezi dume, mpira na hiyo roboti

SUALI: Assalaam alaykum dokta. Baba angu ana miaka 71, sie tuko Wete, Pemba. Alikua anaamka usiku mara 5 mara 6, mkojo unatoka matone matone hata udhu haukai, mwisho ukafunga kabisa tukamkimbiza hospitali akatiwa mpira wa kutolea mkojo na mpaka leo anao, hii wiki ya 3. Utrasaundi imesema tezi dume ina gramu 118. Mjomba alioko Maskati anasema tumpeleke India akafanyiwe na roboti ati kisu hakuna, ndugu zangu washataka kuuza eka ya mikarafuu. Jee hii ni kansa? Na roboti ndo inaponyesha zaidi? Baba mwenyewe haulizi lakini namjua, anaogopa asije akawa si mwanamme tena.

JAWABU: Wa alaykumu salaam mdogo wangu, mpe pole mzee. Hiyo mikarafuu iacheni pale pale kwanza.

Tezi kukua si kansa. Kwa kijana ina kama gramu 20 tu, umri ukienda inavimba inabana njia ya mkojo, na wazee waliopita 80 karibu wote wanayo. Kansa inaweza kujificha humo humo ndo mana lazima apimwe, ila kile kipimo cha damu cha PSA, kinachotafuta dalili za kansa ya tezi, msikikimbilie sasa hivi, mkojo ukifunga mtu akatiwa mpira namba inapanda yenyewe mkaja kulia bure, ngojeni wiki 6 hivi.

Haya, roboti. Watu wanadhani mashine inajiendea yenyewe, hamna, daktari anakaa pembeni macho kwenye kioo anaendesha ile mikono ya chuma, ikikata kakata yeye. Na kisu kipo! Ila ni vitundu vitano sita tumboni badala ya mkato mmoja chini ya kitovu. Kinachotolewa ni kile kile, chukulia chungwa, nyama ya ndani inatoka ganda linabaki, kwa hiyo mkojo utapita kwa roboti na utapita kwa mkato wa kawaida. Faida yake damu inamwagika kidogo, siku za kulala wodini zinapungua. Sizidharau, lakini kwa eka nzima ya mikarafuu mie ningeuliza mara mbili.

Jengine ambalo naona mjomba hakukwambieni: kwa roboti mgonjwa analazwa usingizi kabisa, tumbo linajazwa gesi, kichwa kinainamishwa chini masaa. Mzee mwenye moyo au kifua kibovu pengine afadhali mkato wa kawaida kwa sindano ya ganzi ya mgongo. Na mjomba muulizeni ni roboti ipi anayosema, maana kuna nyengine inapita njia ya mkojo inakata kwa maji ya kasi, hiyo tumbo haigusi kabisa.

Ile operesheni ya kukwangua kwa njia ya mkojo ndo watu wengi wanaijua, lakini tezi ikipita gramu 80 inachukua muda na damu inakua nyingi, leza inaweza hata tezi kubwa hivyo ikiwa fundi wake yupo.

Lakini suali langu kwako: kashapewa vidonge vya tamsulosini, vile vya kulegeza njia ya mkojo, halafu mpira ukajaribiwa kutolewa? Wengine mkojo unafunga kwa dawa za mafua tu au choo kigumu, mpira ukitolewa wanakojoa wenyewe. Kwa gramu 118 sikuahidi, ila kujaribu ni bei rahisi kuliko tiketi. Na mpira ukiziba au akipata homa ya kutetemeka msingoje asubuhi.

Sasa lile analoogopa. Nguvu za kiume kwa kawaida zinabaki kama zilivyokua kabla ya operesheni. Kinachobadilika mara nyingi ni kua manii hayatoki nje, yanarudi kwenye kibofu, raha anaipata, hayamdhuru, baadae yanatoka na mkojo. Mwambie wewe au mtafute rafiki yake wa barazani amwambie, usimtume mama. Na ikiwa ana bi mdogo na bado wanatarajia mtoto, hilo alitaje kwa daktari kabla hajatia saini.