Dipoli ya mita 40: SWR ikigoma kushuka, anzia juu kwenye waya

Mkuu, umesema leseni ya redio ya ridhaa (amateur) unayo, redio ni ya wati 100, lakini dipoli, yaani antena ya waya yenye pande mbili sawa, inasoma SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena; 1 ndiyo bora) ya 3, na ukibonyeza kuongea maiki inakuchoma mdomo. Redio iache kwanza.

Urefu wa dipoli nzima kwa mita ni 143 gawanya kwa megahezi. Kwa megahezi 7.1, iliyo ndani ya bendi ya mita 40, ni mita 20.14, yaani 10.07 kila upande. Lakini plastiki ya waya na ukaribu wa bati husogeza masafa (frikwensi) ya antena, kwa hiyo kata 10.40 kila upande, tundika pale pale itakapokaa, kisha tafuta masafa ambapo SWR ni ndogo kabisa. Ikiangukia 6.90, zidisha 10.40 kwa 6.90, gawanya kwa 7.10: inabaki 10.11. Toa sentimita 20 kila upande kwanza, pima, ndipo umalizie. Waya uliokatwa haurudi.

Kama SWR haishuki popote, shusha antena uangalie kiungo cha katikati. Hapo ndipo mvua huingilia. Chuna ganda la kebo inayotoka redioni: shaba ikiwa nyeusi au ya kijani, maji yameshapita. Usihangaike kuikausha, kata hadi uone shaba inayong'aa, piga solda, zungushia tepu ya mpira inayojishika.

Maiki kuchoma ni umeme wa redio unaorudi kwa nje ya kebo. Pitisha kebo hiyo, kama ni RG-58 (aina nyembamba), mizunguko 12 kwenye pete ya feraiti (kauri ya sumaku) aina ya 31, yenye kipenyo cha milimita 61, chini tu ya kiungo hicho.

Sasa umeme. Redio ya wati 100 huvuta hadi amp 22. Waya wa milimita za mraba 2.5, mita 3 kwenda na mita 3 kurudi, unakula karibu volti 1. Betri ikiwa 12.4, redio inapata 11.4 na nyingi hujizima hapo. Tumia wa milimita 6, mfupi, na fyuzi karibu na betri.

Kelele zikizidi, endesha redio kwa betri, zima swichi kuu ya nyumba, halafu washa kimoja kimoja: chaja, taa za LED, kontrola ya sola. Hiyo ya mwisho mara nyingi ndiyo sumbufu zaidi.

Na antena iwe mbali kiasi kwamba hata ikianguka haifiki nyaya za umeme. Wingu la radi likianza kujikusanya, chomoa kebo uiache nje ya dirisha.