Je, aliyechomwa jambia huanguka papo hapo?

SWALI: Shikamoo daktari. Ninaandika riwaya ya vita vya Abushiri, Pangani, mwaka 1888. Shujaa wangu anachomwa jambia kifuani, anapiga hatua kadhaa huku akizungumza, ndipo anaanguka. Mhariri anasema huo ni uongo wa sinema. Ni kweli? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Marahaba. Mhariri wako amekosea, ingawa ninaelewa kilichomchosha. Tarehe 10 Septemba 1898, mjini Geneva, Malkia Elisabeth wa Austria alichomwa kifuani kwa tupa iliyonolewa. Alidhani amepigwa ngumi tu. Akainuka, akatembea hadi kwenye meli, ndipo akazirai, na baadaye akafariki. Tundu lilikuwa dogo, na damu ilivuja polepole ndani ya utando unaofunika moyo, ikaubana mpaka ukashindwa kujaa.

Jambo la kuuliza ni nini kilichokatwa. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, na akipoteza robo tatu ya lita huenda asionyeshe dalili kubwa. Hata moyo ukisimama ghafla, fahamu hudumu kwa sekunde 10 hivi. Kano, neva na uti wa mgongo havina subira hiyo: aliyekatwa kano za vidole hawezi kuendelea kushika upanga, hata awe jasiri wa namna gani. Basi shujaa wako na azungumze, lakini kwa maneno ya kukatikakatika. Hotuba ya ukurasa mzima uifute.

Kinachonikera ni kwamba watu hawaoni mambo haya yanapotokea uani kwao. Hapa Tanga kijana huchomwa kisu ubavuni, akakaa barazani akizungumza, na kwa kuwa hajaanguka wenzake wakasema amekwaruzwa tu. Kisha hujitokeza bingwa wa mtaa, ambaye hakosekani, akamshindilia majivu au kahawa ya unga jerahani, na damu ikiacha kutoka nje watu wakamsifu, ilhali ini au wengu unavuja tumboni. Mwili wa kijana hujitetea kwa kubana mishipa na kuongeza mapigo ya moyo, hivyo huonekana mzima kwa muda mrefu, halafu shinikizo la damu huporomoka ghafla. Jasho baridi, kiu, kuhaha na mapigo ya haraka ndizo dalili za kuangalia, wala si kama anasimama au anacheka. Majivu hayazibi mshipa wowote wa ndani. Hutuchafulia jeraha, na yanaweza kuingiza vimelea vya pepopunda.

Na kisu kilichobaki mwilini kisichomolewe kama wafanyavyo mashujaa wa sinema, kwa maana mara nyingi chenyewe ndicho kinachoziba mshipa kilioukata. Mleteni majeruhi kikiwa palepale, kimezungushiwa vitambaa kisitikisike, na ndugu mmoja afuatilie PF3, yaani fomu ya polisi ya majeruhi, kituoni wakati majeruhi yuko njiani kuja hospitali.