Maswali ya Wasomaji: Bili ya Gari la Kukodi Baada ya Ajali Ndogo Ni ya Nani?

Swali: Ndugu Mshauri, salamu. Nilikuwa nimesimama katika njia ya ndani ya maegesho, nikisubiri gari la mbele litoke, ndipo dereva aliyekuwa ameegesha kushoto kwangu aliporudi nyuma na kunigonga ubavuni, karibu na gurudumu la nyuma. Bati liliingia ndani na taa ya nyuma ikapasuka. Palepale aliniomba radhi na kusema kwamba bima yake ingelipa. Baadaye nikaarifiwa kuwa ameieleza kampuni yake ya bima kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikipita kwa kasi nyuma yake, na sasa kampuni hiyo inapendekeza kila upande ubebe nusu ya lawama. Wakati huohuo gereji ilinikutanisha na kampuni ya kukodisha magari, ambayo iliniletea gari hadi nyumbani na kuniambia kwamba sitalipa chochote kwa kuwa sina kosa. Niliweka sahihi kwa kidole kwenye simu ya mfanyakazi wao. Gari langu lilikaa gereji wiki sita likisubiri taa, na bili ya kukodi imekuwa mara tatu ya gharama ya matengenezo. Bima ya mwenzangu imekataa kuilipa. Je, deni hili ni langu? Na hiyo nusu kwa nusu, niikubali ili mambo yaishe?

Jibu: Dada yangu, usikubali nusu kwa nusu kwa sasa, na usitie sahihi karatasi nyingine yoyote kabla ya kuomba na kusoma nakala kamili ya mkataba uliousaini kwenye ile simu. Nasema uanze na mkataba, ingawa swali la nani alimgonga nani ndilo linalokuchoma zaidi, kwa sababu mkataba ndio unaoeleza mdaiwa ni nani. Katika ukodishaji wa aina hii, mkodishaji hamdai dereva aliyekugonga. Anakudai wewe, kwa jina lako, kisha anakusubiri ulipwe fidia na upande wa pili. Maneno "hutalipa chochote" kwa kawaida maana yake ni kwamba malipo yameahirishwa, nayo yana masharti: kwamba umesema kweli kuhusu ajali, kwamba utatoa ushirikiano, na kwamba utafika mahakamani ukiitwa. Mkataba mwingine huwa na kifungu kinachomwondolea mteja deni endapo madai yatashindwa bila kosa lake, au huambatana na bima ya kufidia pengo hilo. Mwingine hauna. Tafuta kifungu hicho kwanza, kwa kuwa ndicho kitakachokuonyesha kama jambo lililo mbele yako ni usumbufu tu au ni deni la kweli.

Nitatumia maamuzi ya Uingereza katika maelezo haya, kwa kuwa ndiko migogoro ya magari yanayokodishwa kwa mkopo ilikofika mahakamani mara nyingi zaidi, na nchi nyingi zilizorithi mfumo ule wa sheria huzipa hoja zake uzito. Hata hivyo sheria za bima na za mikopo hutofautiana kati ya nchi na nchi, na wakili wa kwenu ndiye atakayekuambia lipi linatumika kwako.

Tuje kwenye lawama. Nusu kwa nusu ina mahali pake halali, yaani pale ambapo pande zote mbili zilizembea. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1945 kuhusu uzembe wa kuchangia iliruhusu mahakama kupunguza fidia ya mdai kwa kadiri ya mchango wake katika hasara, badala ya kumnyima yote kama ilivyokuwa zamani. Lakini sheria hiyo haikusema kwamba watu wawili wakipingana bila shahidi basi wagawane. Hayo ni mazoea ya maofisa wa madai, ambao hupima gharama ya kubishana na kuona kwamba inazidi kiasi kinachobishaniwa. Hakimu hafanyi hivyo. Husikiliza simulizi zote mbili na kuamua ipi ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli, na anayerudisha gari nyuma huanza na mzigo mzito, kwa sababu yeye ndiye anayeingia katika njia ambayo wengine wanaitumia.

Ushahidi wako bora umo kwenye bati lenyewe, na ninatumaini kulikuwa na mtu aliyelipiga picha kabla fundi hajalinyoosha. Gari lililosimama likisukumwa na kona ya bampa hupata bonde moja la kuingia ndani, lenye mikwaruzo mifupi. Gari lililokuwa likipita huacha alama ndefu inayojivuta kuelekea nyuma, kwa sababu ubavu wake ulikuwa ukiendelea kusonga huku bampa likiusugua. Kwa hiyo mwombe fundi au mkaguzi aliyelikagua gari akupatie picha zake za awali, na uangalie mikwaruzo inaanzia wapi na kuishia wapi. Usilifanye jambo hili kuwa sayansi kamili: dereva aliyekuwa akikata usukani huku akirudi nyuma anaweza kuchora mkwaruzo mrefu hata kwenye gari lisilotembea. Lakini bonde fupi na la kina ni vigumu sana kulieleza kwa simulizi ya gari lililokuwa likipita kwa kasi.

Zaidi ya hapo, mwandikie mwenye maegesho leo hii akuhifadhie picha za kamera za usalama za saa ile, ukitaja tarehe, saa na mahali uliposimama, kwani kamera nyingi hufuta picha za zamani zenyewe ili kupata nafasi ya kurekodi upya. Dereva uliyekuwa ukimsubiri atoke naye ni shahidi muhimu kuliko unavyodhani, kwa maana sababu ya wewe kusimama ni yeye. Kisha iandikie kampuni yako mwenyewe ya bima kwamba unapinga mgawanyo huo na uambatishe ulichonacho. Usichelewe, kwa kuwa masharti ya bima nyingi huipa kampuni haki ya kumaliza shauri kwa jina lako, na ikishafunga faili kwa nusu kwa nusu, kulifungua tena ni kazi.

Sasa tuitazame bili. Hata ukishinda lawama kwa asilimia mia moja, hulipwi kila kilichoandikwa humo; unalipwa hasara iliyo ya busara. Hapo upande wa pili utauliza mambo matatu, na kila moja linaweza kupunguza malipo yako.

La kwanza ni kama ulilihitaji gari. Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilisema mwaka 1993 kwamba haja ya gari mbadala haijithibitishi yenyewe, ingawa si jambo gumu kuonyesha. Kupeleka watoto shule na kwenda kazini kunatosha, ilimradi nyumbani hakukuwa na gari jingine lililokaa bila kazi.

La pili ni muda, na hapa ndipo ninapoona udhaifu wako mkubwa. Hukuniambia kama gari lako liliweza kutembea. Bonde la ubavuni halizuii gari kwenda. Taa iliyopasuka huzuia, hasa usiku, lakini taa inaweza kuagizwa gari likiwa bado mikononi mwako, nalo likaingia gereji siku ambayo kifaa kimefika. Kama ndivyo ilivyowezekana, tarajia kuambiwa kwamba siku za haki ni zile za kunyoosha bati na kupaka rangi tu, si wiki zote sita. Kama fundi au mkaguzi alilikataza lisiendeshwe, lipate neno hilo kwa maandishi. Kisha tengeneza orodha ya tarehe: gari lilipoingia gereji, mkaguzi alipolitazama, kazi ilipoidhinishwa, taa ilipoagizwa, ilipofika, na ulipopigiwa simu kuja kulichukua. Kuchelewa kwa kifaa au kwa mkaguzi kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa kosa lako, mradi uonyeshe kwamba ulikuwa ukiuliza. Ujumbe mfupi wa simu usemao "fundi, taa imefikia wapi?" una thamani kubwa kuliko maelezo marefu yatakayoandikwa mwaka ujao.

La tatu ni bei ya siku. Ukodishaji kwa mkopo ni ghali kuliko ukodishaji wa kawaida, kwa sababu ndani ya bei yake mna kusubiri malipo, kushughulikia madai na hatari ya kushindwa. Mwaka 2000 Baraza la Malodi lilieleza kwamba huduma hizo za nyongeza hazimhusu aliyegonga, kwa hiyo mdai apate bei ya soko ya gari la aina ile. Katika shauri hilohilo, mkataba wa kukodi ulikuwa umekiuka sheria ya mikopo ya wateja ya mwaka 1974, ukawa hauwezi kumlazimisha mteja kulipa. Na kwa kuwa mteja hakuwa na deni, hakuwa na hasara ya kudai. Ndiyo maana ninasisitiza usome mkataba. Kasoro ndani yake huenda ikakuokoa kabisa, hata kama itamkasirisha aliyekukodishia.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2003, mahakama hiyohiyo iliongeza jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa la haki tupu: kama mdai hakuwa na fedha za kulipia gari la kawaida papo hapo, na njia pekee aliyobaki nayo ni mkopo, basi alipwe bei kamili ya mkopo huo. Kwa uamuzi huo iliacha msimamo wa mwaka 1933 uliokuwa ukipuuza umaskini wa mdai. Kama hali yako ilikuwa hiyo, andaa taarifa za benki za miezi michache kabla ya ajali na za kipindi chote cha kukodi, pamoja na hati za mshahara. Kusema tu kwamba huna uwezo hakutasikilizwa.

Swali lako la mwisho lina hesabu nyepesi. Ukikubali nusu ya lawama, unakubali pia nusu ya bili ya kukodi, baada ya bili yenyewe kwisha kupunguzwa kwa siku na kwa bei. Kinachobaki kitarudi kwenye mkataba wako. Kwa hiyo usifunge suala la lawama upande mmoja bila kupata kwa maandishi, kutoka kwa mkodishaji, kwamba hatakudai pengo hilo. Mara nyingi mkodishaji hukubali, kwani naye anakuhitaji kama shahidi. Bila maelezo yako hana kesi. Ile karatasi ya maelezo anayoweza kukuletea uisome neno kwa neno, na usisaini sentensi ambayo wewe mwenyewe usingeisema, hasa kuhusu haja ya gari na uwezo wako wa fedha.

Swali: Niliposhuka garini nilisema "samahani" kwa sababu mwenzangu alikuwa akitetemeka. Sasa wanasema nilikiri kosa. Je, ni kweli?

Jibu: Hapana, si kwa neno hilo peke yake. Nchini Uingereza sheria ya fidia ya mwaka 2006 imetamka wazi kwamba kuomba radhi hakuhesabiwi kwenyewe kuwa ni kukiri uzembe, na hata pasipo sheria kama hiyo, hakimu hutazama magari yalivyokwenda kuliko watu walivyosalimiana. Kauli kama "sikukuona kabisa" ni jambo jingine, kwa sababu inaeleza tukio lenyewe. Msomaji wa barua ya kwanza naye alizingatie hili: radhi aliyoombwa pale maegesho ina uzito mdogo, lakini kama dereva yule alitamka kwamba hakuangalia nyuma, yaandikwe maneno yake kama yalivyotamkwa, na nani aliyasikia.

Swali: Bima ya aliyenigonga imenipigia simu ikitaka kuniletea gari la bure. Ndugu zangu wananiambia ni mtego. Nikatae?

Jibu: Usikatae kwa simu, na usikubali kwa simu. Waombe waandike mambo manne: gari ni la aina gani, litawagharimu wao kiasi gani kwa siku, nani anabeba gharama likigongwa likiwa kwako, na kwamba kulipokea hakumalizi madai yako mengine. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua mwaka 2009 kwamba mdai halaumiwi kwa kukataa gari kama hakuelezwa litamgharimu mtoaji kiasi gani. Lakini akikataa toleo lililo wazi bila sababu ya maana, kisha akakodi kwa bei kubwa, huenda akaishia kulipwa kile tu ambacho lingemgharimu mtoaji.

Sababu ya maana ipo, kwa mfano kama wewe hubeba vifaa vya kazi na wao wanakuletea gari la milango miwili. Hadhi ya gari nayo si upuuzi: mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo ya juu kabisa nchini humo, iliwapa haki wenye magari ya kifahari waliokodi magari ya kulingana na yao, na kusema ni juu ya upande wa pili kuthibitisha kwamba gharama ile haikuwa ya busara. Gari likifaa na majibu yakiwa kamili, lichukue. Lipige picha pande zote, ndani na nje, pamoja na kipimo cha mafuta, kabla mleta gari hajaondoka, na mwombe atie sahihi kwenye orodha ya mikwaruzo aliyokuja nayo.