Macho ya Bibi Yako

Mwanangu Atupele,

Ndaga kwa ujumbe wako. Umeniuliza kama ni kweli wachawi wa Salem walichomwa moto, kama mlivyoona kwenye ile tamthilia, na kwa nini kwenye filamu zetu mchawi ni bibi kizee mwenye macho mekundu.

La kwanza ni jepesi. Salem, Marekani, mwaka 1692, hakuchomwa mtu. Walinyongwa 19, na mzee mmoja aliyegoma kujibu mashtaka aligandamizwa kwa mawe hadi akakata roho. Moto ulikuwa Ujerumani na sehemu nyingine za Ulaya.

Kinachoniuma ni Tituba, mtumwa aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushtakiwa. Kumbukumbu za kesi zinamtaja kuwa Mhindi, jina walilowaita wenyeji wa Amerika. Wasimulizi wa baadaye wakamgeuza Mwafrika aliyekuja na uchawi wa kwao. Yaani hata kesi ya walowezi wa Kiingereza wenyewe kwa wenyewe ilitafutiwa mtu mweusi wa kuibeba!

Filamu zetu nazo unazijua: ungo, kaniki, tunguri, halafu mchungaji anakemea na bibi anaanguka. Pale mtazamaji anaonyeshwa tangu mwanzo kwamba mchawi ni mchawi kweli. Kijijini mambo huanza kwingine. Huanza na mtoto kuugua au ng'ombe kufa, ndipo anatafutwa wa kutwishwa. Zamani huku kwetu mshtakiwa alinyweshwa mwavi, dawa ya sumu ya kumpima mchawi; akitapika, ameshinda. Ulaya walimtupa majini, akielea, amekwisha. Mwavi sijauona kwenye filamu hata moja.

Sasa nikwambie habari ya mama yangu, maana ulikuwa mdogo na tulikuficha. Unaikumbuka mvua ya Tukuyu. Kuni zake zilikuwa za mlingoti, mbichi, na jiko halikuwa na dirisha. Alipiga magoti akapuliza, moshi ukamrudia usoni, akajifuta kwa pindo la kanga, akapuliza tena. Hivyo asubuhi na jioni, miaka arobaini. Macho yangekosaje kuwa mekundu?

Mtoto wa jirani alipofariki, mpiga ramli alisema mkono umetoka nyumba ya upande wa mawio. Upande huo nyumba ilikuwa moja. Walikuja jioni na mapanga, wengine ni vijana aliowapa uji wakiwa wadogo. Mjomba wako alimtoa usiku kwa lori la ndizi, amelala chini ya mikungu, hadi Mbeya mjini. Serikali ilipowapiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, nilimsomea gazeti. Akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama yule mama aliyefiwa alipata mtoto mwingine.

Kwangu alipikia gesi. Haukupita mwaka, macho yakaanza kutakata. Nilikuwa namsuka siku moja mlangoni, kwenye jua, akainua uso, nikaona weupe ambao sikuwahi kuuona tangu nizaliwe.

Umesema wewe na wenzako mnaandika filamu yenu. Nakuomba, mwanangu, kabla hamjamwonyesha bibi huyo akitoka nje usiku, mwonyesheni kwanza jikoni, na kamera ikae humo mpaka mpigapicha mwenyewe aanze kukohoa.

Mama yako,
Mbeya