Kanuni ya babu imekosa mrithi

*Shangazi, asalaam aleikum. Nimeolewa kwenye nyumba ya taarabu hapa Unguja. Mume wangu hupiga fidla, mkubwa wetu udi, binti anaimba. Kanuni, kile chombo cha nyuzi cha marehemu babu yao, amewekewa kitindamimba, ana miaka 12. Mwaka wa pili huu anafundishwa, na macho yote dirishani. Yeye na vingalawa vyake tu. Juzi baba yake kakuta nyuzi za akiba za kanuni zimefungia tanga. Hawasemezani. Wifi yangu anasema huyu kakosea nyumba. Nifanyeje? Mama Watatu.*

Waaleikum salaam, mwanangu. Tuanze na nyuzi. Huo ni wizi, na kanuni moja hula nyuzi zaidi ya 70, haziokotwi njiani. Aombe radhi, azilipe hata kwa kufagia ua mwezi mzima, na baada ya hapo pasiwe na mtu wa kumkumbusha.

Sasa lile uliloliandika pembeni ya karatasi, kama vile si kitu: kwamba amechonga vingalawa vitatu vya umbo moja, kila kimoja akakipa tanga la namna yake, na nyuma ya daftari la hesabu anaandika kipi kimetangulia kufika na upepo ulikuwaje siku hiyo. Nimelisoma mara tatu. Hakuna aliyemfundisha hilo, wala aliyemsimamia. Na wewe unaniuliza kipaji chake kiko wapi!

Unasema mumeo ameanza kulegea: kama mtoto anapenda mbao, basi awe fundi wa udi na kanuni. Hapo siko naye. Huko ni kumrudisha kwenye muziki kwa mlango wa uani. Akija kuipenda kazi hiyo mwenyewe ukubwani, heri. Kwa sasa baba mtu ampeleke Nungwi, kwa mafundi wa majahazi, washinde huko wakiangalia mataruma, yaani mbavu za chombo, yanavyopangwa na mbao zinavyokalafatiwa maji yasipenye. Wewe usiende. Nataka mtoto amwone baba yake akiuliza maswali, walau mara moja.

Nadhani kinachomuuma mumeo ni chombo cha baba yake kukaa bubu kabatini, na hilo si dogo. Lakini Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu, inapiga tangu 1905, na haijawahi kuwa ya ukoo mmoja. Hapo mjini kuna chuo cha muziki tangu 2002, wanafundisha kanuni. Hakosekani kijana mwenye vidole vyepesi asiye na chombo chake. Aazimwe, kwa masharti, aje kupigia hapo kwenu mara moja kwa wiki.

Jioni za mazoezi kitindamimba naye akae barazani na kisu chake, mradi azoe mavumbi yake.

Na huyo wifi yako, hebu muulize kwa upole: yeye aliyezaliwa humo, hupiga nini?