Bridge: kufungua kwa shupaza tatu, lini?

Kaka, unasema ulifungua shupaza tatu (ahadi ya mizunguko tisa, ili kuwaziba wapinzani mdomo) ukiwa wa pili kusema, wewe na mwenzako mko hatarini (hali ambayo adhabu huwa kubwa zaidi) na wapinzani hawako, una shupaza saba zenye Mfalme na Malkia, pembeni hamna kitu. Wakakupiga kontre, yaani wakaongeza adhabu, ukakosa mizunguko mitatu: pointi 800 zikaenda. Gemu yao ya kopa nne, yaani ahadi ya mizunguko kumi yenye zawadi, ingewapa 420 tu.

Karata zenyewe ni nzuri kwa kazi hiyo. Wakati ndio haukufaa. Hesabu mizunguko unayoweza kushinda peke yako. Mkiwa hatarini, usiahidi zaidi ya miwili juu ya hiyo. Msipokuwa hatarini, mitatu, maana hapo kontre ingekugharimu 500.

Halafu angalia kiti. Ukiwa wa pili, mpinzani mmoja ameshapita, kwa hiyo unayemziba mdomo anaweza kuwa mwenzako mwenye karata kali. Ukiwa wa tatu baada ya wawili kupita, thubutu, hata rangi ikiwa mbovu kidogo. Wachezaji wengi hapa Bukavu hupita hapo kwa woga, sijui wanamhifadhia nani. Na ukiwa na karata nne nzuri za kopa pembeni, pita: huenda gemu yenu iko huko.