Niliambiwa miezi tisa, mbona bado? Maswali yenu kuhusu ahadi za Mungu

Toleo hili meseji nyingi zimeingia baada ya mikesha ya mwaka mpya, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: kama Mungu ni mwaminifu mbona nilichoambiwa hakijatokea. Nimechukua tatu. Ya kwanza nitaikalia zaidi, hizo nyingine nitazipitia haraka.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Mimi ni mama naishi Kahama, naomba jina langu lisitoke. Nimeolewa siku nyingi sijajaliwa mtoto. Kwenye mkesha mmoja wa mwaka mpya mtumishi mgeni aliniita mbele akasema Bwana ananionyesha ndani ya miezi tisa utakuwa umebeba mtoto mkononi, akasema nipande mbegu ya kuifunga hiyo ahadi, nikatoa laki tatu ambayo tulikuwa tumeiweka ya bati. Kanisa zima vigelegele. Miezi tisa ikapita, mwaka ukapita, sasa ni mwaka wa sita. Kumuuliza mchungaji wangu akasema tatizo ni imani yangu, kuna mahali nimefungua mlango. Kava ya simu yangu nimeandikisha Yeremia 29:11 naisoma kila asubuhi ila siku hizi naisoma tu mdomoni. Mawifi wananisema. Nauliza hivi, Mungu aliahidi akasahau au mimi ndo nimeharibu?

JIBU: Asifiwe sana dada yangu, na pole, pole sana. Nianze na hilo la mwisho maana naona ndo linakunyima usingizi. Hujaharibu kitu. Fungua Luka sura ya 1 umuangalie mzee Zakaria, kuhani kabisa, yuko hekaluni anafukiza uvumba, malaika Gabrieli amesimama upande wa kuume wa madhabahu anamwambia mkeo Elisabeti atazaa mtoto wa kiume, na mzee anajibu nitajuaje hayo mimi mzee na mke wangu kazeeka. Hakuamini. Malaika akamwambia wazi kwamba kwa kuwa hukuamini utakuwa bubu, na akawa bubu kweli, alitoka nje anapungia watu mikono tu. Lakini Yohana je, si alizaliwa? Alizaliwa, na kwa wakati wake! Sara naye alicheka ndani ya hema na Isaka akaja. Kwahiyo mtu akikwambia Mungu alishatoa neno lake halafu likakwama kwa sababu imani yako ilipungua, muulize kwa adabu tu, Zakaria alikuwa na kiasi gani.

Sasa twende kwenye kava ya simu yako, kwa sababu mstari ulioandika pale una stori yake na hiyo stori inafanana na yako kuliko unavyodhani.

Mwaka 597 kabla ya Kristo Nebukadreza wa Babeli alimchukua mfalme Yekonia na wakuu na mafundi wa Yerusalemu akawapeleka utumwani, na vyombo vya hekalu akabeba. Waliobaki wakawa wanasubiri hiyo hali iishe. Yeremia akawa anatembea na nira ya mti shingoni, ile ya ng'ombe wa kulima, kuwaonyesha kwamba jamani hii kitu haiishi leo. Ndo akatokea nabii mwingine anaitwa Hanania, na ukisoma sura ya 28 utamuona vizuri, amesimama ndani ya nyumba ya Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, anasema Bwana wa majeshi amesema hivi, kabla ya miaka miwili kamili vyombo vyote vya hekalu vitarudi hapa na mateka wote watarudi. Biblia haisemi kama watu walipiga vigelegele ila mimi nadhani walipiga. Nani asingepiga?

Kinachonigusa ni jibu la Yeremia. Alisema Amina! Alisema Bwana na afanye hivyo. Yaani hata yeye alitamani iwe kweli, hakuwa mtu wa kufurahia watu kuteseka. Halafu akaongeza kwamba nabii anayetabiri amani atajulikana neno lake likitimia. Hanania akaichukua ile nira shingoni mwa Yeremia akaivunja mbele za watu, na Yeremia hakubishana, akajiondokea zake. Baadaye ndo Bwana akamrudisha na neno gumu, umevunja nira ya mti lakini badala yake umetengeneza za chuma. Hanania alisema hayo mwezi wa tano na mwezi wa saba mwaka uleule akafa.

Sura inayofuata tu ndo 29. Ni barua. Yeremia aliwaandikia wale waliokwisha kupelekwa Babeli, akawaambia jengeni nyumba mkae ndani yake, pandeni bustani, oeni, ozesheni watoto wenu, utakieni amani huo mji mliopelekwa, na msiwasikilize hao manabii walioko kati yenu. Mstari wa 10 unasema miaka 70 ikitimia ndo nitawajilia na kuwarudisha. Halafu ndo unakuja wa 11, wako wa kwenye kava, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Sasa piga hesabu mwenyewe, mtu mzima aliyesikia hiyo barua ikisomwa akiwa na miaka 40 alikuwa anaambiwa kwa upole kwamba wewe utazikwa hukuhuku Babeli. Na bado Mungu anaiita hiyo amani. Sisi tunaukata mstari wa 11 peke yake, tunaacha wa 10, tunaubandika kwenye kava na stika za bajaji, ni kama mtu aliyeona meseji ya hela kwenye simu ya jirani akaenda kwa wakala kudai itolewe kwa jina lake. Mstari unatuonyesha moyo wa Mungu kweli kabisa, hilo wala silipingi, ila tarehe na kitu chenyewe walipewa watu fulani kwa ajili ya safari fulani.

Na hapa ndo napapenda kuliko pote. Vile vyombo vilirudi! Soma Ezra sura ya 1. Babeli ikaangushwa na Koreshi mfalme wa Uajemi mwaka 539, akatoa ruhusa Wayahudi warudi wakajenge hekalu, akamuagiza Mithredathi mtunza hazina avitoe vile vyombo, vikahesabiwa kimoja kimoja akakabidhiwa Sheshbaza mkuu wa Yuda. Na hesabu imeandikwa pale kama ya mtunza stoo, sahani za dhahabu 30, sahani za fedha 1,000, visu 29, mabakuli, jumla vyombo 5,400. Mungu alikuwa hajasahau hata kisu. Kwahiyo kitu ambacho Hanania alikitangaza, kurudi kwa vyombo, kilitokea, ila zaidi ya miaka 50 baada ya yeye kusema miwili. Uongo wake ulikuwa kwenye tarehe. Alichukua jambo ambalo Mungu kweli alikuwa nalo moyoni akaliwekea tarehe ambayo Mungu hakumpa, kwa sababu tarehe ya karibu ndo inapigiwa makofi.

Kwahiyo dada, miezi tisa alikupa nani? Kumbukumbu la Torati 18:22 inasema nabii akinena kwa jina la Bwana na lile neno lisitokee, basi Bwana hakulinena, amelinena kwa kujikinai, usimwogope. Hilo deni ni la aliyeshika maiki, usimwandikie Mungu, na wewe pia usijiandikie. Hiyo laki tatu nayo hakuna mahali Biblia inasema ahadi inafungwa kwa hela. Simoni wa Samaria alileta fedha anunue kipawa cha Mungu na Petro alimjibu vikali mno kwenye Matendo 8. Kama bati halijawekwa bado, hela ijayo iende kwenye bati.

Utauliza basi Mungu ameniahidi nini mimi. Nitakwambia ukweli hata kama si ule uliotaka. Sijaona mahali kwenye Biblia anapoahidi kila mwanamke aliyeokoka atazaa. Hana alipata, Sara alipata, Elisabeti alipata, nami namuomba na wewe upate, ila hizo ni habari za alichowatendea wao. Ulichoahidiwa wewe kwa jina la kila aaminiye ni kwamba hatakupungukia wala kukuacha, Waebrania 13:5, na kwamba hakuna kitakachokutenga na upendo wake, Warumi 8. Najua mtu anayeshinda na maneno ya mawifi jikoni anaweza kuona hiyo ni ahadi ndogo. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake utoke, yaani mateso aliyokuwa nayo mwilini, na haukutoka, akajibiwa neema yangu yakutosha, na ninavyomsoma mimi haikuwa rahisi kwake kulipokea hilo jibu.

Halafu jambo la kawaida kabisa, naomba lisipotee katikati ya mistari. Mmeshaenda hospitali? Nyote wawili? Nasema wawili kwa sababu nyumba nyingi anayepimwa ni mama peke yake, miaka inaisha, kumbe baba hajawahi kupima hata mara moja. Kupima si kumkosea Mungu imani. Wale wa Babeli waliambiwa miaka 70 na bado wakaambiwa wapande bustani wale matunda yake. Na huyo mchungaji wako kama anaendelea kukulaumu, tafuta mama mtu mzima wa kanisani mwenye kifua, umwambie yote.

SWALI: Mimi ni kijana wa Nakuru. Hesabu 23:19 inasema Mungu si mtu ajute, lakini Yona 3:10 inasema Mungu aliwahurumia watu wa Ninawi akaghairi yale mabaya aliyosema atawatenda. Alisema siku 40 Ninawi itaangamizwa na haikuangamizwa. Hapo si alivunja neno?

JIBU: Swali zuri, na ukitaka kujichanganya zaidi soma 1 Samweli 15, mstari wa 11 Mungu anasema najuta kumtawaza Sauli na mstari wa 29 Samweli anasema Mungu hajuti, sura ileile moja! Mwandishi hakuwa amelala, aliviweka vyote makusudi. Ufunguo uko Yeremia 18 pale nyumbani kwa mfinyanzi, Mungu anasema nikitangaza kung'oa taifa na taifa hilo likageuka kuacha uovu wake, nitaghairi. Yaani onyo lake kwa taifa lina mlango ndani yake tangu mwanzo. Na Yona alilijua hilo, ndo maana alikimbilia Tarshishi, sura ya 4 analalamika waziwazi kwamba nilijua wewe ni Mungu wa neema na huruma. Kilichobadilika pale ni watu wa Ninawi, kuanzia mfalme aliyevaa gunia kwa kutubu mpaka wanyama waliovishwa magunia.

SWALI: Ni dhambi kumkumbusha Mungu ahadi zake? Mama yangu anasema ni utovu wa adabu.

JIBU: Mama yako mheshimu ila hapo siko naye. Musa alimkumbusha Mungu kwenye Kutoka 32, mkumbuke Ibrahimu na Isaka na Israeli uliowaapia kwa nafsi yako. Isaya 62 inawataja kabisa wenye kumkumbusha Bwana, inawaambia msiwe na kimya, wala msimwache akae kimya. Danieli naye, sura ya 9, aliisoma hiyohiyo miaka 70 ya Yeremia akaona muda umekaribia, na badala ya kukaa asubiri alivaa gunia akafunga akaomba. Kinachotakiwa ni umkumbushe alichosema kweli, dada wa Kahama hapo juu atanielewa. Ukikosa maneno chukua Zaburi 89. Mistari 37 ya mwanzo ni sifa tupu na agano la Daudi, kuanzia wa 38 inageuka inakuwa malalamiko, na wa 49 inauliza usoni kabisa Bwana zi wapi fadhili zako za kwanza. Isome yote kwa sauti na usiruke hiyo nusu ya pili.